Nundu ya Sodiamu

Uyole, Mbeya
14 Januari 2024

Mjomba Marcelino,

Shikamoo. Poleni na baridi ya huko Kihesa, ingawa najua utajibu kwamba baridi ni ya Mbeya na ninyi Iringa mna upepo tu. Sisi wazima. Damari anakusalimu. Mtoto ameota meno mawili na anayajaribu kwenye karatasi zangu, kwa hiyo kuna milinganyo miwili ambayo sitakuwa na uhakika nayo tena. Mama amevuna viazi na anasema hukumpigia simu yeye, dada yako, wakati wa Krismasi. Nimekutetea kwamba simu yako ya kitochi iliisha chaji. Hakuniamini. Msalimie sana shangazi Bertha.

Najua jambo lenye namba hulipokei kwa simu, ndiyo maana nimempa kondakta wa basi la asubuhi bahasha hii nene. Unakumbuka kwenye msiba wa babu uliponiuliza ninasomea nini hasa, nikajibu "fizikia" kisha nikakimbilia kubeba viti? Leo nakujibu.

Kuna kitu kinaitwa positroniamu. Ni elektroni moja na positroni moja zinazozungukana. Positroni ni elektroni kwa kila kitu, uzito uleule, ila chaji yake ni chanya. Maisha yao pamoja ni mafupi. Zikibahatika huishi sehemu moja ya milioni saba ya sekunde, kisha zinaangamizana. Mimi, ndani ya muda huo, nazirusha kwenye atomu ya sodiamu na kukokotoa zinavyotawanyika. Nazirusha kwenye karatasi tu. Sina maabara, na sodiamu pekee iliyo karibu nami ni ile ya kwenye chumvi ya Damari. Nina kompyuta moja yenye feni inayolia, na mama mkwe wangu anaamini natengeneza redio.

Sodiamu na ndugu zake wa alkali wana nafuu moja: wana elektroni moja tu ya nje, iliyoshikwa kwa ulegevu, nyingine zote zimejifungia ndani. Shida iko kwa positroniamu. Kwa kiasi kilekile ambacho atomu inaivuta elektroni, inaisukuma positroni. Ukijumlisha, mvuto na msukumo vinafutana na jibu ni sifuri kamili. Yanabaki mambo madogo tu, kama elektroni mbili kubadilishana nafasi, na atomu kupindika kidogo inapokaribiwa. Kwa miaka minne nimekuwa nikikokotoa mambo madogo, mjomba, na nimenenepa.

Lakini nimepata kitu. Grafu yangu inashuka taratibu, halafu kwenye nishati ya elektroni-volti moja na nusu inainuka ghafla kama nundu ya ng'ombe, kisha inashuka tena. Kwa mara ya kwanza mtu ameona nundu hiyo, na kwa mara ya kwanza imetoka Uyole. Profesa Rabson, msimamizi wangu, alipoiona kwa mara ya kwanza alivua miwani.

Tasnifu nakusanya mwisho wa Aprili, naitetea Julai. Nikipita naajiriwa kuwa mhadhiri. Nisipopita, mkataba wangu wa ualimu msaidizi unaisha Desemba, na sisi ni watatu sasa. Kwa hiyo naomba unihakikie kwa mkono mistari kumi ya mwanzo ya jedwali nililoambatisha, lile nililolijaza kwa mkono na ambalo programu yangu inaanzia. Wewe ndiye uliyenifundisha kuhakiki, nilipokaa kwenu miaka sita ya sekondari. Sina mwingine ninayemwamini kama wewe.

Mpwa wako,
Asukile


Kihesa, Iringa
2 Februari 2024

Mpwa wangu Asukile,

Marahaba, na kamwene ya huku kwetu kwa wote wa hapo. Sisi hatujambo. Bertha ana goti, lakini analo tangu mwaka juzi, kwa hiyo si habari. Mwambie dada yangu kwamba simu ilikuwa na chaji, ni mimi niliyesahau, nami nitasahau tena Pasaka asipoangalia.

Barua yako nairudisha pamoja na hii ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Umeandika "kwa mara ya kwanza" mara tatu ndani ya aya moja. Nimekata mbili. Mtu wa kidato cha pili ningemkata zote.

Sasa nikiri. Jumamosi jumuiya ilisali hapa kwetu, na baada ya rozari nilisimama. Nilikusudia kuomba tu wakuombee. Nikajikuta natafuta chaki. Nilichora elektroni na positroni nyuma ya kalenda ya parokia, nikaeleza nundu yako kwa dakika arobaini, na chai ikapoa. Mama mmoja aliuliza kama nundu hiyo inauma. Mzee Shedrack, yule fundi wa matrekta, aliuliza kitu kinachoishi sehemu ya milioni saba ya sekunde kinapata wapi muda wa kugonga kitu kingine. Nilimwambia swali lake ni la kidato cha tano.

Jumuiya imekubali kwa kauli moja itolewe Misa ya shukrani kwa ajili ya nundu, Dominika ya tarehe kumi na nane. Nimetoa suti yangu ya kustaafia, nimeianika. Ilikuwa na panya lakini ameshahama.

Jedwali lako nimelipokea. Nimekifunika upya kwa karatasi ya kaki kile kitabu changu cha majedwali ya tarakimu nne, kilichofundisha wilaya nzima. Nimefurahi kuona hukuniangusha: kila namba yako ina tarakimu nne, si moja zaidi. Unakumbuka nilivyokuwa nikiwasimamisha nje walioandika ya tano? Mawaziri wawili wa nchi hii wamesimama nje kwa ajili ya tarakimu ya tano.

Naanza mstari wa kwanza leo. Usiniharakishe.

Mjomba wako,
Marcelino


Uyole, Mbeya
3 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Poleni na mfungo. Sisi tuko salama, mvua tu. Mtoto sasa ana meno manne na Damari amenihamishia karatasi juu ya kabati, ambako nazifikia kwa kupanda stuli, jambo linaloipa kazi yangu heshima kidogo.

Asante kwa Misa. Nimemwambia Profesa Rabson, naye hakujua acheke au atoe sadaka. Amekwishaniambia nundu iwe sura nzima ya tasnifu, sura ya tano, badala ya aya mbili nilizokuwa nimeipa. Nimeandika kurasa thelathini na moja juu yake. Sikujua nina maneno mengi hivyo.

Umefika mstari wa ngapi? Sikuharakishi. Nauliza tu kwa sababu ni wiki nne.

Asukile


Kihesa, Iringa
17 Machi 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Hapa sote tunaendelea vizuri. Mvua imekuwa nzuri na mianzi inatoa ulanzi mpaka watu wamechoka kuukinga. Jirani yetu ameleta madumu mawili kwa siku moja, akisema asipokunywa mtu utachacha. Mimi nimejinyima kwa sababu ya Kwaresma, ila nimeonja ili nisimvunje moyo. Mwaka huu ni mtamu kuliko mwaka jana. Mwaka juzi ulikuwa mwepesi, sijui kwa nini.

Mbuzi wa jirani huyohuyo amekula maua ya Bertha, na Bertha amemshtaki mbuzi huyo kwa balozi wa nyumba kumi. Kesi inaendelea. Goti lake lina nafuu wakati wa kesi.

Paa la darasa nililofundishia limeezekwa upya. Nilipita kuangalia. Walimu wa sasa wana tarakilishi, sijui zinawasaidia nini.

Jedwali lako bado natazama. Macho yangu si ya zamani, na kuna mambo ya parokia.

Msalimie Damari na umbusu mtoto.

Marcelino


Uyole, Mbeya
28 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Heri ya Pasaka iliyochelewa. Mama anasema kweli ulisahau kumpigia. Sisi tuko wazima, ila Damari alipata homa wiki iliyopita, sasa yuko jikoni anaimba.

Ijumaa nimekusanya tasnifu, nakala tano, zimefungwa kwa jalada jeusi. Zilipotoka kwa mfungaji nilizibeba kifuani kuanzia Mwanjelwa mpaka chuoni kwa miguu kwa sababu sikutaka zikunjwe na abiria. Watu walinipisha njia wakidhani nimebeba picha ya marehemu.

Barua yako ya Machi niliisoma mara tatu nikitafuta jedwali langu. Nimejifunza mengi kuhusu mbuzi. Nikajiambia, kama kungekuwa na kosa mjomba asingekaa kimya, tena yeye. Kimya chako nimekipokea kama alama ya vema.

Utetezi ni tarehe kumi na nane Julai.

Asukile


Kihesa, Iringa
12 Mei 2024

Mpwa wangu Asukile,

Amani ya Bwana. Habari za hapa leo ni moja tu, nami nitaiandika kabla sijapata nyingine.

Kimya changu hakikuwa alama ya vema. Nimekosa, na nimekukosea wewe.

Ilikuwa Jumatano ya Majivu. Nilikuwa mstari wa tatu wa jedwali lako, nina majivu kwenye paji la uso na miwani miwili. Kwenye mstari huo, mvuto wa elektroni umeandika 0.4217. Msukumo wa positroni umeandika 0.4213. Nikatabasamu kwamba ziko karibu. Halafu nikakumbuka wewe mwenyewe uliniandikia kwamba hivyo viwili vinafutana, jibu ni sifuri kamili. Hapa hazikufutana. Zimebaki nne, tena mahali pa mwisho kabisa.

Nikafuatilia ulivyozipata. Elektroni umeisoma moja kwa moja kwenye majedwali ya tarakimu nne. Positroni umeianzia mwisho wa majedwali hayo ukajazia kwa zile safu za tofauti za pembeni mwa ukurasa, kama nilivyokufundisha, na kila hatua ukakata kwenye tarakimu ya nne, kama nilivyokufundisha. Hukukosea popote, Asukile. Ulifanya kila nilichokuagiza ukiwa na miaka kumi na minne. Kisha kwenye ukurasa unaofuata programu yako inazidisha mabaki hayo kwa elfu mbili na zaidi, na mabaki ya bure yanageuka kuwa mvuto mkubwa ambao haupo.

Nikatafuta karatasi kubwa, nikakokotoa mstari huo upya kwa mkono, tarakimu nane, kwa mfululizo mrefu bila majedwali, siku kumi na moja. Kila nilipoandika tarakimu ya tano nilitazama mlangoni kana kwamba kuna mtu atanisimamisha nje. Elektroni na positroni zikatoka sawasawa mpaka mahali pa saba. Nundu yako, mpwa wangu, ni mimi.

Siku nne baada ya ile Jumatano, hesabu ikiwa bado haijaisha lakini kosa nimekwishaliona, nilivaa suti na kukaa benchi la mbele kwenye Misa ya shukrani. Niliimba sauti ya pili. Padre alitaja sodiamu kwenye mahubiri, watu wakanigeukia, nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Sijui wewe unamwitaje mtu wa namna hiyo. Mimi nina majina kadhaa na nimejiita yote.

Nilijiambia nitaandika baada ya Misa. Baada ya Misa nikasema baada ya Pasaka. Nilipopata barua yako ya Machi kwamba umeandika kurasa thelathini na moja, nikaandika habari za ulanzi. Nilikuwa naogopa. Nimefundisha miaka thelathini na minne na watu wote nilionao ni wale niliowafundisha. Hatukujaliwa mtoto wa kuzaa, tulikupata wewe. Nilishindwa kukuandikia kwamba kitu kimoja nilichokupa kwa uhakika ndicho kilichokuharibia.

Sasa umekwishakusanya. Hilo nalo ni langu.

Karatasi za tarakimu nane nimeziweka humu.

Marcelino

Asukile mwanangu, ni mimi Bertha. Barua hii amekuwa akiiandika na kuichana tangu Kwaresma, nami nilikuwa nawashia moto bila kujua nachoma nini. Leo nimemnyang'anya na naipeleka stendi mwenyewe, na goti langu. Usinyamaze sana. Kula vizuri.


Uyole, Mbeya
16 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Nilipata bahasha tarehe kumi na tano Mei. Nimechelewa kujibu kwa sababu wiki mbili za kwanza nilikuwa nakuandikia barua nzuri sana za hasira. Kulikuwa na moja iliyokuita mwoga kwa namna tatu tofauti, na nilijivunia lugha yake. Nilimsomea Damari. Akasikiliza mpaka mwisho akimfunga mtoto nepi, kisha akaniuliza, "Na wewe ile Desemba?"

Basi nami nikuambie ya Desemba, kwa kuwa yeye tayari anayajua.

Kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza, siku moja ya Desemba iliyopita nilijaribu kuanzisha jedwali mstari mmoja chini. Bila sababu, kwa kuchezea tu. Nundu ikahama. Ikatoka moja na nusu ikaenda karibu na mbili. Kitu cha kweli hakihami kwa sababu mtu amesogeza mstari. Hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ningemfundisha, na kwa kweli nimewafundisha, wiki hiyohiyo, Jumanne. Nikasema kompyuta imechoka. Nikarudisha mstari mahali pake, nundu ikarudi pake, nikafunga kompyuta nikaenda kumsaidia Damari kumenya viazi. Nilimenya vingi mno mpaka akajua kuna kitu.

Halafu nikakaa nikafikiri nani ahakiki. Profesa Rabson angeanza kusogeza mistari. Wenzangu wa idara wangesogeza mistari. Nikakuchagua wewe, mjomba. Nilikuandikia kwamba sina mwingine ninayemwamini kama wewe. Ukweli ni kwamba nilitafuta duniani mtu ambaye hawezi kamwe kuona tarakimu nne kuwa chache, nami nilimjua tangu utoto. Nilitaka sahihi yako. Uhakiki wako sikuutaka hata kidogo.

Na wewe ukaenda ukahakiki. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi, nikitafuta vizuri.

Nimeipitisha programu upya kwa tarakimu kumi na sita, bila jedwali la mkono. Kompyuta ililia siku mbili. Nundu haipo. Grafu inashuka tu, polepole, mpaka mwisho, kama barabara ya kuelekea Chimala.

Tuko wanne tunaojua: wewe, mimi, Damari na shangazi. Wasomaji wa tasnifu wamekwishaandika ripoti na Profesa ananidokeza kwamba ni nzuri. Hakuna atakayekokotoa upya. Tarehe kumi na nane nikisimama na kusoma kilichoandikwa, napita. Nikisema ukweli, sijui itakuwaje. Namtazama mtoto, naona ni bora nisome kilichoandikwa. Baadaye naiwaza ile sura ya tano na kujiona kama nimeiba.

Niambie nifanye nini. Ulikuwa unaniambia hata soksi za kuvaa.

Asukile


Kihesa, Iringa
30 Juni 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti la Bertha limevimba kwa ile safari ya stendi na anasema halijuti. Balozi ameamua kesi ya mbuzi: mbuzi ameonywa.

Nimesoma barua yako. Nimecheka mahali pa viazi, na mahali pengine sikucheka. Ulinichagua kwa ugumu wangu wa kichwa. Si vibaya, wengi wamenichagua kwa sababu hiyohiyo, ila wao walikuwa wanatafuta mwenyekiti wa kamati.

La kufanya sikuambii. Sina mahali pa kusimama nikuambie, kwa kuwa mimi nilipewa nafasi hiyohiyo nikaandika habari za ulanzi. Naweza kukueleza tu nilichofanya jana.

Jana jumuiya ilisali kwa mzee Shedrack. Baada ya rozari nikasimama. Nikawaambia nundu haikuwepo, kosa lilitoka kwenye mafundisho yangu, na kwamba nililijua siku ya Misa nikakaa benchi la mbele na suti. Kuku wa Shedrack alipita katikati yetu, sote tukamtazama mpaka akatoka. Kisha yule mama aliyeuliza kama inauma akauliza kama Misa ya shukrani inaweza kurudishwa. Katekista akajibu kwamba Misa haina marejesho. Shedrack akasema yeye tangu mwanzo aliona muda haukutosha kugonga kitu, na ameomba iandikwe kwenye kumbukumbu za jumuiya. Imeandikwa.

Nilidhani nitatoka pale nimekufa kwa aibu. Aibu ilikuwepo, sikudanganyi, ilinishika masikioni mpaka leo ni ya moto. Lakini nilikula ubwabwa sahani mbili, na nimelala usingizi ambao sikuupata tangu Februari.

Mimi nilikuwa na cha kupoteza kidogo tu, heshima ya mtaa mmoja. Wewe una mke na mtoto. Sitakuhukumu ukisoma kilichoandikwa. Nataka ulijue hilo kabla hujaingia humo ndani.

Marcelino


Uyole, Mbeya
21 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo wewe na shangazi. Sisi tuko wazima, kweli safari hii.

Alhamisi asubuhi Damari alinifunga tai, akaifungua, akaifunga tena. Hakuniuliza nimeamua nini. Chumba kilikuwa na watahini wanne, Profesa Rabson pembeni, na mama yangu nyuma kabisa na kapu la viazi vya kuchemsha, kwa kuwa alisikia utetezi unachukua muda.

Mwenyekiti akanipa dakika ishirini za kueleza kazi yangu. Nikaweka picha ya kwanza ukutani, ile ya nundu, nikiwa bado sijui. Nakuapia nilikuwa sijui. Nikafungua mdomo nikasema, "Sura ya tano yote si kweli. Naomba niwaeleze kwa nini."

Profesa Rabson alivua miwani. Hii ni mara ya pili.

Niliwaonyesha mstari wa tatu. Niliwaonyesha karatasi zako za tarakimu nane na zile za kompyuta, zinakubaliana. Nikawaeleza pia ya Desemba, na hapo nilianza sentensi moja mara tatu, mama akadhani nina njaa. Mtahini wa nje, mama mmoja mfupi kutoka Dodoma, alizishika karatasi zako kwa muda mrefu. Akauliza nani aliyekokotoa mfululizo huu kwa mkono. Nikasema mjomba wangu. Akauliza yuko idara gani. Nikamwambia yuko Kihesa.

Walinitoa nje. Tulikula viazi vyote. Waliponiita, mwenyekiti alisoma uamuzi: tasnifu imekataliwa ilivyo, nimepewa mwaka mmoja kuiandika upya bila nundu. Ajira ya uhadhiri haitanisubiri, mkataba unaisha Desemba kama ulivyopangwa. Profesa Rabson amesema atanisimamia mpaka mwisho lakini kwa sasa nisimsalimie kwa wiki mbili. Nimeshaomba nafasi ya kufundisha fizikia sekondari moja Chunya, kuanzia Januari. Damari anasema vumbi la Chunya litamaliza mafua yake. Haliwezi, lakini nilimshukuru.

Tulipokuwa tunatoka, yule mtahini alinifuata mlangoni. Hakunipa mkono. Aliniambia kwenye tasnifu mpya niandike tanbihi ukurasa ule, na akaniamuru maneno yenyewe, nikayaandika kiganjani kwa kuwa karatasi zilikuwa ndani: "Kosa la hesabu ya awali liligunduliwa na Mwalimu Marcelino wa Kihesa, Iringa, kwa mkono."

Niliyanakili jioni ileile kabla sijanawa.

Mpwa wako,
Asukile


Kihesa, Iringa
4 Agosti 2024

Mpwa wangu Asukile,

Barua yako ilifika jana mchana nikiwa nachambua maharage. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Sikulia kiume. Nililia kwa sauti, mbuzi wa jirani akaja kutazama.

Bertha akanifuata na fimbo yake, akaniuliza amekufa nani. Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nikamwambia mtoto tuliyemlea amesimama mbele za watu akasema ukweli, amepoteza kazi, na mimi tangu nizaliwe sijawahi kufurahi namna hii. Akainama, na goti lake lile, akaketi chini kando yangu kwenye majani, naye akaanza kulia.

Mjomba wako,
Marcelino